Tatizo si pesa, ni majirani
Makala niliyosoma kuhusu uhaba wa nyumba Marekani inasema jimbo likiupa mji pesa, mji utalegeza kanuni zake za ardhi na nyumba zitaota zenyewe. Hapa Massachusetts tumejaribu tangu 2004. Sheria ya 40R inaulipa mji unaoruhusu ghorofa karibu na kituo cha treni au katikati ya mji: kuanzia dola 10,000 hadi 600,000 kulingana na idadi ya nyumba zinazotarajiwa, halafu dola 3,000 zaidi kwa kila nyumba inayopata kibali. Si haba. Lakini mimi nilikaa kwenye mkutano wa mji wetu, viti vya chuma, kahawa baridi, mzee mmoja akasimama akauliza, "Watoto wao watasoma wapi?" Ukumbi mzima makofi. Hao "wao" ni sisi wapangaji, nadhani. Hakuna aliyetaja 40S, sheria ya 2005 inayofidia gharama za shule zinazoletwa na nyumba hizo hizo. Kwa hiyo sishangai kwamba 2021 jimbo liliacha kubembeleza, likailazimisha miji 177 ya eneo la MBTA, shirika la usafiri wa umma la Boston na jirani zake, iruhusu ghorofa. Milton, mmoja wa miji hiyo, wakapiga kura ya kukataa Februari 2024. Januari 2025 mahakama ya juu ya jimbo ikasema kutii ni lazima, ila miongozo ya jimbo ya kuitekeleza sheria hiyo itungwe upya. Mliohamia Minnesota au Texas, kwenu miji inabembelezwa au inalazimishwa? Na kodi ya nyumba imeshuka hata kidogo?