Kabla ya kubishana kama Masihi amekuja

Katika mihadhara ya dini hapa Mombasa, iwe Likoni au Kongowea, haichukui muda kabla swali hili kurushwa: "Wayahudi walimkataa Masihi wao kwa nini?" Mchungaji hujibu kwamba walikuwa na shingo ngumu. Ustadh hujibu kwamba walimkataa, na Wakristo nao wakampa cheo kisicho chake. Umati hushangilia upande wake, spika hulia, na jambo la kwanza kabisa halijaulizwa: huyo Masihi alitarajiwa afanye kazi gani? Ukiliruka hilo, mnakuwa kama watu wawili wanaovutana bei, mmoja anauza madafu na mwenziwe ananunua nazi.

Tuanze na neno. Kiebrania husema mashiakhi, Kigiriki wakalifasiri Kristos, na yote mawili maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta. Ndani ya Agano la Kale neno hilo kwa kawaida ni la mtu aliyeko, si la mtu atakayekuja. Sauli anaitwa masihi wa Bwana, na hiyo ndiyo sababu Daudi alikataa kumdhuru pangoni. Koreshi mfalme wa Uajemi, ambaye hakuwa hata Mwisraeli, anaitwa masihi katika Isaya 45:1. Kuhani mkuu naye vilevile. Matumaini ya mfalme ajaye yamejengwa juu ya maandiko mengine: ahadi kwa Daudi katika 2 Samweli 7, chipukizi la Yese katika Isaya 11, mtawala wa kutoka Bethlehemu katika Mika 5. Jina la cheo lilikuja kuwekwa juu ya matumaini hayo baadaye. Wala Wayahudi hawakukubaliana awe mmoja: jamaa wa Qumran, kikundi cha Wayahudi kando ya Bahari ya Chumvi, ambao hati zao zilianza kupatikana mwaka 1947, walingojea masihi wawili, wa Haruni na wa Israeli, yaani kuhani na mfalme.

Mafuta yenyewe yana vipimo. Kutoka 30 inataja manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini moja. Shekeli ikihesabiwa gramu 11 na kitu, viungo peke yake vinakaribia kilo 17, ndani ya mafuta ya lita chache tu. Mpishi yeyote anayenunua mdalasini Marikiti ataona tatizo: huo ni uji mzito wa viungo, si mafuta. Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, waliliona pia. Maelezo yao ni kwamba viungo vilipondwa, vikalowekwa majini hadi nguvu yote ikatoka, kisha mafuta yakatiwa na kuchemshwa mpaka maji yakakauka. Na sura hiyohiyo inakataza kutengeneza mfano wake au kuyapaka mwili wa mtu wa kawaida. Wauzaji wa vichupa vya upako wasome hapo. Wasome pia Zaburi 105 yote, maana ule mstari wa "msiwaguse masihi wangu" unawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katika nchi ya watu. Haukuandikwa ili mchungaji asiulizwe hesabu ya sadaka.

Sasa kazi. Aliyeipanga waziwazi zaidi upande wa Kiyahudi ni mwanachuoni Musa bin Maimoni, aitwaye pia Rambam, aliyefariki Misri mwaka 1204. Katika sheria zake za wafalme anaweka mtihani wa hatua mbili. Akitokea mfalme wa nyumba ya Daudi, anayesoma Torati na kushika amri zake, akawarudisha Israeli kwenye njia hiyo na kupigana vita vya Mungu, huyo anadhaniwa kuwa Masihi. Akifaulu, akajenga Hekalu mahali pake na kuwakusanya Israeli waliotawanyika, basi ndiye kwa yakini. Akishindwa au akiuawa, siye. Miujiza haimo katika mtihani. Rambam anasema kabisa kwamba Masihi halazimiki kufanya ishara wala kufufua wafu, na ushahidi wake ni Rabi Akiva, ambaye hakumwomba Bar Kokhba ishara yoyote.

Kisa hicho kinastahili kusimuliwa kuliko kinavyosimuliwa. Shimoni bar Kosiba aliongoza uasi dhidi ya Warumi kuanzia mwaka 132. Akiva, mwanachuoni mkubwa kuliko wote wa zama zake, akamwita Mfalme Masihi kwa kutumia ile nyota ya Hesabu 24:17, na ndipo likatoka jina Bar Kokhba, mwana wa nyota. Rabi Yohanan ben Torta akamjibu: Akiva, nyasi zitaota mashavuni mwako na mwana wa Daudi atakuwa hajaja. Mwaka 135 Betari, ngome yao ya mwisho, ikaanguka, mwana wa nyota akauawa, na marabi wakamgeuzia jina kuwa Bar Koziba, mwana wa uongo. Akiva hakuvuliwa heshima. Alikosea kumtambua mtu, basi. Mwaka 1665 Shabbatai Zvi wa Izmir alitangazwa Masihi, Wayahudi wa nchi nyingi wakajiandaa kusafiri, na mwaka uliofuata, mbele ya Sultani, akasilimu. Mtihani uleule ukamwangusha.

Kwa hiyo Myahudi akiambiwa "Yesu aliponya vipofu", hujamjibu. Yeye anatazama dunia: Hekalu liko wapi, vita vimekwisha? Na hapa ndipo wahubiri wetu wengi hawalisomi Agano Jipya lao wenyewe. Katika Matendo 1:6 mitume, baada ya ufufuo, wanamwuliza Yesu kama wakati huo ndio atakaowarudishia Israeli ufalme. Hilo ndilo swali la Wayahudi, limetoka vinywani mwa mitume. Yesu hawaambii kwamba swali ni la kipumbavu. Anawaambia si kazi yao kujua nyakati.

Jibu la Kikristo ni kwamba orodha ya kazi ni moja, imegawanywa safari mbili. Mfano wanaoupenda wafasiri ni Luka 4: Yesu anasoma Isaya 61 katika sinagogi la Nazareti na kukikunja chuo katikati ya sentensi, kabla ya maneno ya siku ya kisasi. Kilichosomwa kimetimia, kilichobaki kinangojea kurudi kwake. Ni usomaji wenye mantiki yake, na kwa maoni yangu ni wa uaminifu zaidi kuliko kudai kwamba yote yametimia. Lakini ukikiri kwamba nusu inangojewa, huwezi kumcheka anayengojea yote.

Isaya 53, sura ya mtumishi wa Mungu anayeteseka, ndiyo silaha ya mihadhara. Mkristo anamwona Yesu humo, na Agano Jipya linamwona humo pia. Kinachoharibika ni pale mhubiri anaposema kwamba Wayahudi walibuni tafsiri ya "mtumishi ni Israeli" katika Zama za Kati. Si kweli. Origen, Mkristo wa karne ya 3, anaandika kwamba aliisikia kutoka kwa Wayahudi aliojadiliana nao, na Isaya 49:3 inamwita mtumishi Israeli waziwazi. Isaya 7:14, mstari wa mwanamke atakayechukua mimba na kuzaa mwana, nayo ina mtego wake: Kiebrania alma ni mwanamke kijana, na neno bikira lilitoka katika tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa na Wayahudi kabla ya Ukristo. Pande zote mbili huficha nusu ya habari hiyo.

Na katika mji huu msikilizaji wa tatu hakosekani. Qurani inamwita Isa al-Masih, na Waislamu wanangojea kushuka kwake. Msikiti na kanisa vinangojea arudi, sinagogi linangojea aje.

Ubaya huanza mtu anapotoa tarehe. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ina laana juu ya wapigao hesabu za mwisho: mifupa yao na ioze. Mathayo 24:36 inafunga mlango huohuo. Hata hivyo William Miller, mhubiri wa Marekani, akitafuta mwaka wa kurudi kwa Yesu, alichukua siku 2300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Hesabu ilitoa 1843. Ulipopita bila kitu, ikakumbukwa kwamba hakuna mwaka sifuri, ikawa 1844, na hatimaye wafuasi wakashika tarehe 22 Oktoba. Walingoja usiku kucha. Mwaka huohuo mmisionari Krapf alikuwa ameshafika Mombasa na alikuwa akijifunza Kiswahili.

Nasi tuna Shakahola, kaskazini yetu hapa Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Wengi walikufa kwa njaa, na upande wa mashtaka unasema waliaminishwa kwamba kufunga kula kungewakutanisha na Yesu. Mhubiri akikupa mwezi na mwaka, mwulize ameanza kuhesabu kutoka tukio gani, na amepata wapi ruhusa ya kugeuza siku kuwa mwaka.