Mitume wa Rembrandt: seti moja, au picha moja moja?

Mwaka 1661, miaka mitano baada ya kufilisika, mchoraji Mholanzi Rembrandt alichora mitume kadhaa mjini Amsterdam. Bartholomayo ameshika kisu, Simoni ana msumeno, Yakobo anasali, naye Paulo amepewa sura ya Rembrandt mwenyewe. Leo wametawanyika: Bartholomayo yuko makumbusho ya Getty, Los Angeles, Simoni yuko Zurich, Uswisi, Paulo yuko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, na Yakobo yumo mikononi mwa mtu binafsi. Wataalamu bado wanabishana kama picha hizo zilikusudiwa kuwa seti.

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwaka ni mmoja, kila mtume yuko peke yake, kachorwa nusu mwili katika giza la kahawia. Tena seti za mitume zilikuwa na wateja: mchoraji Rubens alichora mitume kwa ajili ya Duke wa Lerma, mtawala wa Kihispania, na mchoraji El Greco alichora turubai 13, Kristo akiwemo, zilizoko katika kanisa kuu la Toledo, Uhispania.

Lakini za Rembrandt hazina hati ya oda, wala vipimo vyake havilingani sawasawa. Wapo wanaoongeza kwamba Paulo hakuwa miongoni mwa wale Kumi na Wawili. Hoja hiyo naiona nyepesi, maana hata Rubens alimtia katika seti yake.

Kinachonivuta zaidi ni Bartholomayo. Nywele fupi, masharubu, hana taji la nuru. Ungekutana naye sokoni Amsterdam usingegeuka kumtazama. Karne ya 18 watu walimdhania mpishi wa Rembrandt, kisa kile kisu, ambacho kwa kweli kinadokeza jinsi mtume huyo alivyouawa kwa kuchunwa ngozi. Wanaoamini ni seti watasema: mnaona, amepotezana na wenzake, ndiyo maana hatambulikani. Mimi nasoma kinyume. Mchoraji anayetengeneza safu ya watakatifu kwa mteja hachori mtu anayeweza kudhaniwa mpishi, wala hajiweki mwenyewe katikati yao. Naelekea kuamini alizichora moja moja, kwa shauku iliyomrudia mwaka ule.

Nyuzi za turubai zinaweza kuhesabiwa, ikajulikana kama vitambaa vilikatwa kwenye jora moja. Hata hivyo, jora moja lingethibitisha tu kwamba alinunua kitambaa kwa mkupuo.