Jamaa Kaja Kuangalia Antiki, Mi Natoa Upepo

Nina dizeli kwenye kiwiko, dizeli kwenye nyusi, na kwa njia ambayo sijaielewa mpaka saa hizi nina dizeli ndani ya soksi ya kushoto, halafu mtu anapita ananiuliza mbona umenuna. Sijanuna. Natoa upepo kwenye trekta, yaani ile hewa inayoingia kwenye njia ya dizeli tangi likikauka, usipoitoa haliwaki.

Wenye vyuma vya zamani mshajua kilichotokea, sina haja ya kurefusha. Mpwa wangu jana kalima mpaka tangi likakauka kabisa, akaliacha palepale katikati ya shamba, akaja nyumbani anaimba. Nilipomuuliza akanijibu kwa adabu kabisa, "Mjomba, lilizima lenyewe." Lenyewe! Yaani trekta la 1966 limekaa likafikiria, likaona leo basi, inatosha.

Sasa alfajiri niko chini ya boneti. Unalegeza kale kaskrubu ka juu ya filta, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, unahamia kwenye pampu kubwa, halafu unamalizia na nati za nozeli, moja, mbili, tatu. Kwa maneno ni dakika tano. Ila kale kamkono ka pampu ya kuvutia mafuta leo kalikuwa kamelegea tu kama mkia wa ng'ombe aliyeshiba, unapampu hakuna kitu, kwa sababu injini ilizima huku kemu, kile chuma cha ndani kinachoisukuma pampu, imekaa vibaya, imeshaibana pampu, inabidi uizungushe injini kidogo ndo kamkono kapate nguvu. Hilo nilikumbuka baada ya kupampu dakika arobaini. Dole gumba limekufa ganzi mpaka naandika hapa kwa kidole kimoja.

Ndo katika hali hiyo akatokea bwana mmoja, viatu vyeupe, kofia, simu mkononi tayari inapiga picha. Kasikia nina trekta la zamani. Yeye anapenda mashine za kale.

"Usilipake rangi kamwe," ndo salamu yake ya kwanza. "Kutu hii ni historia."

Nikamwambia kwa heshima zote, nikiwa na spana mdomoni, karibu mzee.

"Ni original?"

Nikaitoa spana. Nikasema injini ni original, ukiacha pistoni, laina, na silinda hedi.

"Radieta?"

Radieta ilitoka kwenye trekta lingine, marehemu.

"Dinamo?"

Ilikufa. Iliyopo ni oltaneta ya gari dogo, imeshikwa na bamba nililokata kwenye kitanda cha chuma.

"Siti?"

Gunia. Mzee, ile siti ni gunia.

Akasimama kidogo, nikaona huzuni inamwingia taratibu. "Sasa kilichobaki original ni nini?"

Nikamjibu kelele. Kelele ndo zilezile za kiwandani.

Hakucheka. Akaanza kunihadithia habari ya Edmund Hillary, yule mpanda Everest, kwamba tarehe 4 Januari 1958 alifika Ncha ya Kusini na matrekta matatu ya Ferguson TE20, kapita kwenye barafu na nyufa huko, chuma kidogo kile kile cha shambani. Najua bwana. Kila anayekuja kuangalia trekta langu ananipa habari za Hillary, na mimi nafurahi kwa niaba yake, lakini yale yalifungwa minyororo kwenye magurudumu, na Hillary hakuwa na mpwa. La kwangu, ambalo jina lake kwenye boneti lilifutika zamani na silitaji kuepusha lawama, limeshindwa kutoka kwenye mtaro wa tatu.

Akaomba akae kwenye siti apigwe picha. Nikaona hapa nimepata mtu wa stata, maana mpwa alikuwa amekwenda "kutafuta kitambaa" tangu jua linachomoza. Kaa mzee, angalia gia iko huru, nikisema piga, piga.

Kapiga. Stata ikalalamika. Nati ya kwanza ikatema mapovu, nikakaza. Ya pili, nikakaza. Ya tatu nikaikaza kwa vidole tu maana spana ilishaniponyoka ikaingia kule chini ambako vitu vikiingia havirudi. Mara likashika, silinda moja, pu, pu, halafu mbili, halafu zote tatu, moshi mweupe ukafunika shamba na yule bwana ndani yake. Jamani raha niliyosikia! Nilitaka kulikumbatia.

Kumbe huko juu mwenzangu kashtuka. Kazungusha ufunguo kuzima. Trekta linaendelea. Kauchomoa kabisa, kauinua juu anionyeshe, macho yamemtoka. Nami nampigia kelele kutoka chini kwamba mzee, hii dizeli ya zamani haijali ufunguo, ikishawaka imewaka, unazima kwa kuikata mafuta! Akauona ule mkono wa kuzimia, akauvuta. Ukaja wote. Na waya wake, kama nusu mita, maana ile kebo ilikatika siku nyingi, na mimi huwa nazima kwa kusukuma kilimi cha pampu kwa kijiti. Sasa kashika ufunguo mkono huu, waya mkono huu, kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua.

Akatafuta pa kujishikilia. Akashika lever ya haidroliki. Nyuma yake ile mikono mitatu ya kubebea plau, akili ya Harry Ferguson, mwenye jina la yale matrekta ya Hillary, ambayo karibu matrekta mapya yote yanaitumia mpaka leo, ikanyanyua plau taratibu kama mtu anayeamka na kiuno. Akageuka akaliona plau linamjia kwa nyuma. "Zima!" anasema. "Zima tafadhali!"

Na hapa nitakuwa mkweli. Nilikataa. Betri ile ina stata moja tu kwa siku, na ya leo ilishatumika. Masaa mawili ya dole gumba langu halafu nizime kwa sababu ya hofu ya mgeni? Nikamwambia shuka tu mzee, liko huru.

"Una uhakika liko huru?"

Nikasema nadhani. Kumbe neno hilo halifai kwa mtu aliye juu ya trekta.

Akataka kushukia nyuma, na hapo ndo mzaha uliniisha, nikamshika mguu, maana katika kuhangaika alishaipiga na goti ile lever ya PTO, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine za nyuma, na shafti ya nyuma ilikuwa inazunguka wazi, kinga yake ilivunjika na kila mwezi nasema nitanunua nyingine. Raundi 540 kwa dakika, hiyo ni mizunguko tisa kwa sekunde moja, ikishika pindo la koti haikusubiri useme subiri. Nikarudisha lever, akashukia mbele, magoti yanacheza, na akatua palepale inapovuja nati yangu ya tatu. Vile viatu vyeupe. Basi.

Mara trekta likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

Kimya kikatanda, plau likawa linashuka lenyewe, shiii, maana haidroliki nayo inavuja. Mpwa katokea nyuma ya mti na kitambaa. Nikamuuliza umeweka mafuta kiasi gani kwenye tangi? "Lita mbili, mjomba. Ya kujaribia."

Ya kujaribia. Mdomo wa tangi unaovuta mafuta uko juu ya usawa wa lita mbili kwenye mteremko huu, kila mtu anajua, mbuzi wanajua. Hewa imerudi yote. Yule bwana akasema hata hivyo picha yake imependeza sana, akanirudishia waya, ufunguo kaondoka nao. Sijali sana, bisibisi inafanya kazi ileile.

Sisemi habari za mashine ya kukatia majani, ile imeshachagua kukata upande mmoja tu. Ya kufungia nyasi inafunga marobota mawili, la tatu inalitoa bila kamba, na hakuna binadamu aliye hai anayejua kwa nini.

Kinachoniuma ni spana. Trekta lote ni la inchi. Ukienda na spana ya milimita 14 kwenye nati ya inchi 9/16 haiingii, 15 inaingia ila inacheza, inakula kona zote, mwisho unabaki na nati ya duara unaibembeleza kwa patasi. Spana ya 9/16 iliyobaki ni moja, na najua kabisa iko wapi, iko kwenye boksi la spana pale banda, ila boksi sikulifunika wiki iliyopita na kuku kaingia humo anaatamia. Mayai kumi na moja, juu ya spana zangu. Leo ni siku yake ya tisa, kuku anakwenda siku 21, hesabu mwenyewe.

Mpwa anasema tumwinue kidogo tu tuichukue. Nimejaribu. Kanidonoa lile lile dole gumba.