Mwacheni Mtoto: Parlent Ni Silabi Moja

Binti wa dada yangu kapigwa X nyekundu kwenye daftari la Kifaransa. Aliulizwa kitenzi cha «ils parlent» (wanaongea) kina silabi ngapi, akajibu moja. Mwalimu kamwandikia pembeni «par-lent, 2», kisha kamsimamisha mbele ya wenzake asome kwa sauti mpaka hiyo -lent isikike. Isikike! Na nani? Maana Mfaransa akiisikia atadhani ni lugha nyingine.

Nimekereka, na naandika kabla hasira haijapoa.

Je parle, tu parles, il parle, ils parlent: naongea, unaongea, anaongea, wanaongea. Tahajia tatu, mdomoni kitu kimoja tu: parl. Wanaoongeza silabi ni nous parlons (tunaongea) na vous parlez (mnaongea) basi, na huyo nous mwenyewe mitaani kaachiwa vitabu, watu wanasema «on parle». Kwa hiyo lile jedwali la mistari sita tunalowakaririsha watoto kama dua, sikio linapata sauti tatu. Tatu! Halafu tunashangaa mtoto anapata A ya kuandika na hawezi kuomba maji.

Sasa msije mkasema -ent haina kazi. Inayo, tena nzuri, ila hakuna anayeieleza. Semeni il dort (analala): dor. Semeni ils dorment (wanalala): dorm. Il part (anaondoka), t haisikiki. Ils partent, t hiyo inasikika. Il finit (anamaliza) inaishia na irabu, ils finissent inafungwa na s. Yaani -ent yenyewe imenyamaza, lakini inaiamsha konsonanti iliyoitangulia, na silabi iliyokuwa wazi inafungwa, au iliyofungwa inaongezewa kufuli. Huo ndio wingi wenyewe. Kwenye parler (kuongea) hakuna cha kuamsha, r na l zote zinasikika tangu umoja, ndiyo maana il parle na ils parlent hazitofautiani hata kidogo.

Kitenzi kikianza na irabu, mambo yanahamia mbele kabisa. Il aime (anapenda) inatamkwa i-lem. Ils aiment, il-zem. Ile s ya kiwakilishi imegeuka z, imevuka mpaka wa neno na kukaa mwanzo wa silabi ya kitenzi. Mkata silabi kwa rula na penseli ataikata wapi hapo?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watoto wetu wanalijua jambo hili tangu shule ya msingi. Ninapenda: silabi ni-na-pe-nda, mzizi -pend-. Sijawahi kumsikia mwalimu wa Kiswahili akisema mzizi ni pe. Silabi inakata kwake, mofimu, yaani kipande cha neno chenye maana, inakata kwake. Parlerions (tungeongea) ni vivyo hivyo: ukitamka unapata par-le-rions, ukichambua unapata parl-, -er-, -ions. Kipindi cha Kifaransa kikianza, akili hiyo yote inaachwa nje ya mlango.

Chukueni acheter (kununua). Nous achetons, lakini j'achète, na mkia juu ya e. Wanafunzi wanaambiwa: hiyo ni ya kukariri. Peser nayo ya kukariri, lever ya kukariri, mener ya kukariri. Jamani! Kanuni ni moja na ni ya silabi. Katika achetons ile e ni dhaifu, mtu akisema haraka inamezwa kabisa, unasikia ash-ton. Katika j'achète mwisho umenyamaza, kwa hiyo e hiyo imejikuta kwenye silabi ya mwisho inayosikika, na e dhaifu haiwezi kubeba mzigo huo. Inabidi ifunguke iwe è. Vitenzi vingine vinaandikwa vingine, j'appelle (naita) na je jette (natupa), konsonanti mbili badala ya alama, lakini sababu ni ileile. Wafaransa wenyewe mwaka 1990 walirekebisha tahajia na kupeleka vitenzi vingi vya -eler na -eter kwenye è, wakawaacha appeler, jeter na ndugu zao na konsonanti zao mbili. Hiyo ni dakika kumi za ubaoni, siyo muhula mzima wa kukariri.

Haya, na mimi nikubali kidogo. Kuna silabi za maandishi, na kwa hesabu hiyo par-lent ni mbili. Ushairi wa zamani wa Kifaransa wenye mistari ya silabi 12 nao huihesabu e hiyo ya -ent katikati ya mstari. Na Marseille, mji wa kusini mwa Ufaransa, utamsikia mtu akisema parle kwa silabi mbili, tena kwa raha zake. Sawa. Lakini hata huko Marseille hakuna anayesema «lent». Swali lingesema silabi za maandishi nisingeandika haya.

Mwalimu, kama unanisoma, kipindi kijacho funga kitabu. Sema il dort au ils dorment, watoto wanyooshe kidole kimoja kwa umoja, viwili kwa wingi. Wakizoea, wape il part, ils partent, il aime, ils aiment. Mwisho kabisa sema ils parlent, uone watakavyogawanyika vidole.