Mwananchi aketi mezani kabla sanamu haijasimama

Agosti 2024, Rais William Ruto akitarajiwa Eldoret kuukabidhi mji ule hati ya kuwa jiji la tano la Kenya, sanamu za wanariadha zilizokuwa zimesimamishwa kuupamba ziling'olewa haraka haraka. Wakenya walikuwa wamezipiga picha na kuzirusha mitandaoni, na kicheko kikavuka mipaka hadi kwenye vyombo vya habari vya ng'ambo. Mikono haikulingana na miguu, na sura zile hazikufanana na mtu yeyote tunayemjua. Siku hizo hizo, kule Paris, Beatrice Chebet alikuwa ametoka kunyakua dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000, naye Faith Kipyegon dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1,500. Mji unaojivunia kuwa makao ya mabingwa ulikuwa na mabingwa wenyewe kwenye runinga, na vichekesho barabarani.

Nilicheka kama wengine. Kinachonikera hadi leo ni kwamba wakazi walitoa maoni yao bure, kwa wingi, tena kwa ufasaha mkubwa, lakini kazi ikiwa imeshakwisha. Mchongaji aliachiwa matusi yote. Aliyetazama mchoro akasema sawa, tengeneza, hakutajwa katika mizaha ile hata mara moja. Huenda hata mchoro wenyewe haukuwahi kutazamwa na mtu asiye na ofisi.

Eldoret haiko peke yake. Februari mwaka huo huo sanamu ya Mwalimu Nyerere ilizinduliwa Addis Ababa, kwenye makao ya Umoja wa Afrika, na Watanzania wakabishana kwa siku kadhaa kama ile ni sura ya Mwalimu au ya mzee mwingine. Nyuma kabisa, Wajerumani waliweka Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaja wakaiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha yao ya Askari pale ilipo hadi sasa. Mkoloni hakumuuliza mtu, na hakuna aliyetarajia aulize. Sisi tunaochagua magavana na madiwani wetu tumerithi hata hilo?

Msimamo wangu ni kwamba kila jiji letu lingekuwa na tume ya sanaa ya kudumu, ndani yake wakiwemo wakazi wa kawaida wenye kura, na hakuna sanamu, mchoro wa ukutani wala mnara ambao ungetangaziwa zabuni kabla tume hiyo haijauona. Wenzetu wana uzoefu mrefu wa jambo hili, mzuri na mbaya. New York ilianzisha tume yake ya sanaa mwaka 1898. San Francisco ilifuata mwaka 1932, na ndiyo ninayopenda kuitolea mfano kwa sababu makosa yake yanafundisha kuliko sifa zake.

Hati ya jiji la San Francisco inaipa tume hiyo wajumbe 15 wanaoteuliwa na meya kwa vipindi vya miaka minne. Kumi na mmoja ni watu wa fani: wasanifu majengo, wachoraji, waandishi, watu wa jukwaani. Wanne waliobaki ni raia wasio na fani yoyote ya sanaa. Hao wanne ndio wanaonivutia. Mtu anaweza kuwa mhasibu au mwalimu mstaafu, akaketi karibu na msanifu majengo mwenye jina, na kura yake ikahesabiwa sawa na ya msanifu. Sheria ya California nayo inataka ajenda ya kikao itangazwe saa 72 kabla, na mtu yeyote aliyeingia mlangoni apewe nafasi ya kusema kabla uamuzi haujafanyika. Anapewa dakika chache tu, kisha anakaa. Sitaki kulifanya hilo lionekane kama muujiza, maana vikao vya namna hiyo vinachosha na wanaojitokeza mara nyingi ni wale wale. Lakini hayupo anayeweza kusema kesho yake kwamba hakuambiwa.

Sasa makosa yao. Mwaka 2018 madiwani wa San Francisco walipitisha sheria kwamba angalau asilimia 30 ya sanamu za watu halisi jijini ziwe za wanawake. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Maya Angelou, mwandishi ambaye akiwa binti mdogo wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwahi kuwa kondakta wa tramu katika jiji hilo hilo. Wasanii walialikwa kupeleka mapendekezo, jopo likayapitia, na mwaka 2019 likamchagua msanii Mweusi, Lava Thomas. Wazo lake lilikuwa kitabu kikubwa cha shaba kilichosimama wima, sura ya Angelou ikiwa imechorwa juu yake. Diwani aliyeidhamini ile sheria akasema hapana, yeye alitaka sanamu ya kawaida ya mtu aliyesimama, kama zile za wanaume. Tume ikanywea, ikaufuta uteuzi na kuanza upya.

Thomas hakunyamaza. Yeye na wasanii wenzake wanawake Weusi walirudi kwenye vikao vya tume, wakatumia zile dakika chache za wananchi kusema walivyotendewa. Mwaka uliofuata tume ilimwomba radhi hadharani na kumrudishia kazi. Septemba 2024, mwezi mmoja tu baada ya vichekesho vya Eldoret, kitabu chake chenye urefu wa futi 9 kilizinduliwa nje ya maktaba kuu ya jiji. Hiyo ni miaka mitano kwa sanamu moja.

Najua kuna atakayesema: unaona, tume ndiyo hiyo, inachelewesha na mwisho inapelekeshwa na mwanasiasa. Mimi nalisoma kisa hicho kwa namna nyingine. Mwanasiasa aliingilia kati, kama watakavyoingilia wetu, lakini kulikuwa na mahali pa kumkabili. Kulikuwa na kikao chenye tarehe, kumbukumbu zilizoandikwa, na watu wenye majina walioulizwa kwa nini walibadili kura zao. Mchongaji wa Eldoret angeipata wapi nafasi ya kusema, pengine, kwamba alipewa wiki mbili na picha ya kwenye simu? Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema hakukuwa na mahali ambapo angelisema likasikika.

Mahali kama hapo hutumika hata kwa kuondoa. Karibu na jengo la jiji la San Francisco palikuwa na sanamu ya mwaka 1894 iliyomwonyesha mwenyeji wa asili wa Marekani akiwa ameanguka miguuni pa kasisi. Wenyeji hao walilalamika kwa miongo kadhaa. Machi 2018 tume ikapiga kura kwa kauli moja iondolewe, mtu mmoja akakata rufaa, Aprili rufaa ikakubaliwa, Septemba uamuzi huo wa rufaa ukageuzwa, na sanamu ikanyanyuliwa alfajiri. Polepole mno kwa maoni yangu. Ila kila aliyeguswa alijua anabishana na nani.

Seattle nako kuna jambo ningependa tuliibe bila aibu. Tangu mwaka 1973 jiji hilo hutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi wake kwa ajili ya sanaa, na katika tume yake kiti kimoja ni cha kijana wa kati ya miaka 18 na 29, anayekaa mwaka mmoja. Fikiria ni nani waliozitoa kasoro sanamu za Eldoret. Ni vijana hao hao, kwenye simu zao. Jicho wanalo, kiti hawana.

Huku kwetu sheria haikosekani. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka serikali kuendeleza sanaa, na jedwali la nne linazipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inaunda bodi za majiji na kuzitengea nafasi jumuiya za wataalamu, sekta ya kibinafsi, jua kali na vyama vya wakazi wa mitaa. Bodi hiyo inaweza kuunda kamati. Kwa hiyo gavana au meneja wa jiji akisema jambo hili linahitaji sheria mpya ya bunge, anatafuta usingizi. Linahitaji azimio la bodi na tangazo la kualika majina.

Majina ya kina nani? Kwa Eldoret mimi ningeanza na kocha. Mtu aliyesimama miaka ishirini pembeni ya uwanja anajua bega la mkimbiaji linakaaje anapobaki na mita mia mbili, na angeukataa ule mkono kabla haujakauka. Halafu mama anayeuza karibu na mahali patakapowekwa kitu hicho, kwa sababu atakitazama kila siku ya maisha yake na kwa sababu anajua maji ya mvua yanapita wapi. Mwendesha bodaboda, ambaye atakuambia kama sanamu inawazuia madereva kuona. Mzee au bibi anayejua historia ya mji na hana haja ya kumpendeza mtu. Kijana mmoja, au wawili. Na wasanii, ndiyo, wasanii watatu au wanne ambao wakiwa ndani hawaruhusiwi kuomba kazi za jiji. Asiwemo diwani wala jamaa ya diwani. Najua hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Rafiki zangu wasanii hawapendi wazo hili. Wanasema ukimpa kila mtu kura utapata sanamu moja tu kote nchini: mtu wa suti, mkono mmoja juu, rungu kwenye mkono wa pili. Wananitajia sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, Nairobi, iliyozinduliwa Oktoba 2011 si mbali na mahali alipopigwa risasi mwaka 1969. Mchongaji Oshottoe Ondula alimzungushia ndege wa heroe, ishara ya wale wanafunzi waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Mboya. Kamati ya wakazi ingewaelewa wale heroe? wananiuliza.

Ingewaelewa kama ingeelezwa. Ninaamini hivyo kwa sababu nimewahi kusimama pale na kumsikiliza mpiga picha wa barabarani akiwaeleza wageni habari za heroe, na hakuna aliyeonekana kupotea. Msanii anayelazimika kusimama mbele ya mama mboga na kocha na kusema nimeweka ndege kwa sababu hii, anatoka na watetezi kumi ambao hakuwa nao asubuhi. Siku kelele zikianza mitandaoni, watakuwepo watu wa mtaani wa kusema tulimuuliza, akatueleza, tukakubali. Katika mfumo wa sasa msanii ana nani?

Lipo sharti moja ambalo bila hilo tusijisumbue. Michoro ya kwenye karatasi haitoshi. Wengi wetu hatujafundishwa kusoma mchoro wa mhandisi, na ukitupa faili la kurasa mia kwa Kiingereza tutatia sahihi ya kuhudhuria tukanywe soda, kama tulivyozoea kwenye mikutano ya kushirikisha umma. Mchongaji alipwe kwanza kutengeneza mfano mdogo wa udongo au plasta, uwekwe sokoni au kituo cha matatu kwa wiki mbili, na karani akae kando yake na daftari. Gharama ya mfano ule ni ndogo sana kando ya gharama ya kujenga na kubomoa.

Kuhusu marupurupu, nitakuwa mkali. Tukiwalipa wajumbe posho nono za vikao, viti vitajaa watu wa posho, nayo tume itakutana mara nane kujadili rangi ya benchi. Nauli, chakula cha mchana, na fidia ya siku ya kazi kwa yule anayefunga kibanda chake ili aje. Yanatosha hayo. Safari za kwenda kujifunza Dubai wawaachie waliokwisha kuzizoea.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na najua kitakachotokea: mwezi mmoja kabla ya wageni kushuka, magavana na wakuu wa mikoa watakumbuka kwamba raundabauti ziko tupu. Kutakuwa na mipira ya saruji, simba, na wachezaji wenye nyuso za kutisha. Bodi ya jiji la Eldoret, na zile za Kisumu na Nakuru, zina nafasi ya kutangaza viti vya tume kabla ya zabuni ya kwanza kufunguliwa. Ninayo barua ya maombi tayari. Sijui kuchora hata kikombe, na kwa vile viti vinne vya wasio na fani, nadhani hiyo ndiyo sifa inayotakiwa.