Kesho yake alirudi mazoezini

Jirani yangu hapa Mbagala ana binti wa miaka kumi na sita, winga wa kulia. Mwezi uliopita alikwenda kwenye majaribio ya timu moja ya wanawake hapa mjini. Walikimbizwa siku tatu mfululizo, siku ya tatu orodha ikasomwa, jina lake halikuwamo. Jioni ile nilimwona amekaa kizingitini kwao, kiatu kimoja amekivua, kingine bado kiko mguuni, anakung'uta mchanga taratibu kama mtu aliyesahau anachofanya. Sikumsogelea. Kuna saa mtu anahitaji kuachwa.

Kesho yake, saa kumi alasiri, akapita dukani kwangu na begi mgongoni.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Wapi tena na begi?"

"Mazoezini."

"Si nimesikia hawakukuchukua?"

"Wale ndio hawajanichukua. Timu yetu ya hapa mtaani Jumamosi ina mechi, na kulia hakuna mtu."

Akaondoka. Nikabaki na mteja wangu wa kopi, mashine inanguruma, lakini akili yangu ilikuwa imeshamfuata yule mtoto barabarani. Tukizungumzia kutokata tamaa, mara nyingi tunasimulia kuanzia mwisho: kombe limeshanyanyuliwa, mchezaji ameshapanda ndege kwenda kucheza nje, basi tunarudi nyuma kuhesabu tabu alizopitia. Mimi leo nataka kuizungumzia ile kesho yake, siku ambayo bado hakuna zawadi yoyote, na hata haijulikani kama itakuja.

Niwaelezee hizo daruga zake, maana nimezishika kwa mkono wangu. Ni za mtumba, zilinunuliwa soko la Karume, namba arobaini, na yeye mguu wake ni thelathini na nane. Ncha ya mbele anaijaza kipande cha kanga kuukuu, kisha anavaa soksi mbili. Kiatu cha kushoto kiliachia soli, fundi wa pale kituoni akakishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka pembeni. Uzi ni mweusi, kiatu ni cha njano, kwa hiyo mshono unaonekana hata ukiwa umesimama upande wa pili wa uwanja. Na kabla hajavaa hizo daruga anakuwa ameshaamka alfajiri kumsaidia mama yake kukanda unga wa maandazi, amekwenda shule, amerudi, ameosha vyombo. Vyombo visipooshwa, hakuna mazoezi. Mama yake si mkatili. Anauza maandazi asubuhi na chapati jioni, na tangu mtoto aanze kucheza hajawahi kupata nafasi ya kwenda kumtazama.

Mimi nilikata tamaa, ndiyo maana jambo hili linanigusa. Nilikulia Temeke, nikicheza chandimu na kaka zangu, na nilikuwa mzuri. Nikiwa na miaka kumi na mitatu shangazi yangu alinifuata uwanjani, akanifunga kanga kiunoni mbele ya watu, akanishika mkono hadi nyumbani. Njiani aliniambia yale ambayo kila msichana aliyewahi kugusa mpira ameshayasikia: utakuwa jikedume, utaharibu kizazi, nani atakuoa. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaogopa kwa niaba yangu. Shuleni kulikuwa na mpira wa pete, nikacheza huo, nikasema basi. Hakuna aliyenizuia tena baada ya siku ile. Ni mimi ambaye kesho yake sikurudi.

Oktoba 2022 nilikuwa hapa hapa dukani, simu nimeiegemeza kwenye rimu ya karatasi, nafuatilia Serengeti Girls kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu yoyote ya taifa ya Tanzania, ya wanaume au ya wanawake, ya wakubwa au ya vijana, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza Japani wakatufunga 4–0. Nilisikia maneno mengi mitaani jioni ile, kwamba wamekwenda kutalii, kwamba watarudi na kapu la magoli. Siku tatu baadaye watoto wale wale wakaifunga Ufaransa 2–1. Halafu wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakaingia robo fainali, na Colombia ndiyo iliyowatoa kwa 3–0.

Sina hakika kama tumewahi kukaa tukaipima vizuri ile mechi ya Ufaransa. Kufungwa manne mbele ya dunia nzima ukiwa na miaka kumi na sita, kisha ulale, uamke, ule, ufanye mazoezi na wenzako mnaoangaliana usoni mkijua kila mmoja alikosea wapi, halafu mwingie tena uwanjani mkacheze kama watu wanaoamini. Nimewaona watu wazima, mimi nikiwamo, wakishindwa jambo dogo kuliko hilo.

Na watoto hao hawakuota kama uyoga. Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake wakubwa, walikwenda Afrika Kusini kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa. Walipoteza mechi zote tatu: 2–1 kwa wenyeji, 3–2 kwa Mali, 3–0 kwa Nigeria. Wengi wanachokumbuka ni kwamba tulitoka bila pointi. Mimi nayakumbuka yale magoli matatu tuliyofunga, mawili kati yake dhidi ya Mali, wakati ambao hata ligi kuu ya wanawake hatukuwa nayo. Ligi ilikuja kuanza msimu wa 2016/17, na bingwa wake wa kwanza akawa Mlandizi Queens kutoka Pwani. Kina dada wengi wa kikosi kile cha 2010 walitundika daruga bila kuiona tena michuano ile. Walicheza miaka yao yote mizuri katikati ya pengo. Lakini walikuwapo mazoezini, na wadogo zao waliwakuta pale.

Ndiyo maana nasema kutokata tamaa katika soka la wanawake ni jambo la kupokezana. Anayepanda huenda asile. Mchezaji wa Kombe la Dunia la India mwaka 2022 alikuwa mtoto wa miaka minne au mitano wakati Twiga Stars wanafungwa kule Afrika Kusini.

Mwishoni mwa Novemba 2023 nilikuwa jukwaani pale Azam Complex, Chamazi, Twiga Stars wakiifunga Togo 3–0. Kutoka kwangu hadi Chamazi si mbali, nilikwenda kwa bodaboda na kurudi sauti imekauka. Siku chache baadaye Lomé wakatufunga 2–0, na dakika za mwisho sikuweza kuziangalia. Wangeongeza moja tu, hesabu ingekuwa nyingine. Tukafuzu kwa 3–2. Fainali zenyewe zilichezwa Morocco Julai 2025, miaka kumi na tano baada ya zile za kwanza. Mali wakatufunga 1–0, Ghana wakatufunga 4–1. Katikati hapo tulitoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, goli letu likifungwa na Opa Clement. Tukarudi nyumbani na pointi moja. Na Oktoba ya mwaka huo huo wakaiondoa Ethiopia na kufuzu tena. Safari ya kwanza ya kurudi ilichukua miaka kumi na tano. Ya pili, miezi mitatu.

Hao Afrika Kusini nao wana lao la kusimulia. Mara tano walifika mechi ya mwisho ya kombe la Afrika wakaipoteza, kabla ya kushinda hata moja. Kocha wao, Desiree Ellis, alikuwamo kwenye kikosi chao cha kwanza kabisa mwaka 1993. Mwaka 2018 akiwa kocha aliipoteza fainali mbele ya Nigeria kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 2022, mjini Rabat, wakawafunga wenyeji Morocco 2–1 na kombe likaja. Karibu miaka thelathini mama yule yuko kwenye mpira ule ule. Simjui, sijawahi kumwona, lakini nikichoka huwa namkumbuka.

Kuna hoja naisikia kila mara, hata kwa watu ninaowaheshimu: soka la wanawake halina watazamaji, ndiyo maana halina fedha. Historia haiko hivyo. Desemba 1920, mjini Liverpool, watu wapatao 53,000 waliingia Goodison Park kuangalia wanawake wakicheza. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikawafungia viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ikakaa karibu nusu karne. Brazil nayo ilikataza wanawake kucheza kuanzia 1941 hadi 1979. Watazamaji walikuwapo, mlango ndio uliofungwa. Sasa wa kwetu haujafungwa kwa sheria. Umerudishwa tu, na sisi tunapita nje tukisema ndani hakuna watu.

Nawapenda hawa wasichana, na kwa sababu nawapenda nina wasiwasi na sifa tunazowapa. Tunasifu uvumilivu wao mpaka uvumilivu unakuwa ndio mshahara. Binti akicheza na kiatu kilichoshonwa kwa nailoni tunasema huyu ana moyo. Anao, ni kweli. Lakini moyo hauzibi soli. Kuna kocha mmoja wa mtaani kwetu, kijana wa kiume, ambaye kwenye mfuko wa mipira huwa anaweka na pakiti za taulo za kike, kwa sababu aligundua wasichana wake walikuwa wanapotea siku nne au tano kila mwezi na hawasemi kwa nini. Ananunua kwa fedha yake ya bodaboda. Kwangu mimi kijana yule ameelewa soka la wanawake kuliko wengi wanaolizungumzia kwenye maikrofoni.

Ninachowaomba wasomaji wangu wa Dar ni kidogo. Mbweni wanacheza JKT Queens. Simba Queens, timu iliyofika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 2022, ni ya mji huu, na Yanga Princess pia. Wewe unayeivaa jezi ya Simba au Yanga kila wikiendi, hawa ni wako vilevile. Nenda. Mchukue na binti yako, na mtoto wa kiume pia mchukue.

Ile Jumamosi nilifunga duka saa tisa na nusu nikaenda uwanjani. Ni uwanja wa mchanga, magoli ya miti, mstari umechorwa kwa majivu. Tulikuwa watazamaji thelathini na kitu, wengi watoto. Timu yake ikafungwa 2–1. Goli lao moja lilitokana na krosi yake: alimzunguka beki kwa nje, mguu wa kulia ukazama mchangani, akaupiga mpira hivyo hivyo, na mwenzake akaumalizia kwa kichwa. Mechi ilipoisha hakuniuliza kuhusu matokeo. Alikuja anahema, jasho na vumbi usoni, akaniuliza, "Mama mdogo, ile krosi umeiona?"

Nimeiona. Jioni nikapita kwa mama yake, akiwa mbele ya kikaango, nikamsimulia kwa mikono yote miwili namna beki alivyogeuzwa. Alicheka, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza mechi nyingine ni lini. Jumamosi hii, saa kumi. Amesema chapati siku hiyo atazianza mapema.