Rufaa kwa mtandao: hati inahesabiwa kufika lini?

Aliyeshindwa kesi na hakuridhika ana siku za kuhesabu. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, shauri la kawaida la madai humpa siku 30 za kutoa notisi ya rufaa, yaani taarifa ya maandishi kwamba anakata rufaa, au 60 kama serikali ya shirikisho ni mmoja wa wadaawa, yaani pande za kesi. Kwingine siku ni nyingi zaidi au chache zaidi, lakini ukichelewa matokeo hayatofautiani sana: majaji hawafiki hata kwenye sababu zako za rufaa. Shauri linaondoshwa kwa kuwa limeletwa nje ya muda, na hukumu unayoiona ya dhuluma inabaki palepale. Kwa hiyo naona mjadala wa kuwasilisha nyaraka za rufaa kwa mtandao mara nyingi unaanzia pasipofaa. Tunazungumzia kasi na gharama ya karatasi, wakati swali linaloamua hatima ya mrufani ni hati yake inahesabiwa kufika lini, na nani abebe hasara mfumo ukikwama.

Faida zake ni kubwa, na sitaki kuzipunguza. Rufaa kwa kawaida haiiti mashahidi upya. Majaji husoma yaliyotokea katika mahakama ya chini: mwenendo wa kesi, vielelezo, hukumu. Kwa njia ya karatasi, rekodi hiyo huchapwa, hupigwa namba kurasa, hujalidiwa, kisha nakala zikaenda kwa kila jaji wa jopo, kwa masijala na kwa mjibu rufaa. Kielelezo kimoja kikiruka kwenye nakala ya jaji mmoja, siku ya kusikilizwa jopo linakuwa na vitabu visivyofanana, na wakili anajikuta akibishana kuhusu ukurasa badala ya kosa la kisheria. Faili moja ya mtandaoni inaondoa balaa hilo. Jaji anayetaka kujua shahidi wa tatu alisema nini kuhusu sahihi iliyogombaniwa anaandika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, na kila mahali lilipotajwa panamjia. Majaji watatu walio katika miji mitatu wanaweza kusoma rekodi ileile usiku uleule.

Hilo lote linategemea namna rekodi ilivyoandaliwa. Kurasa zikiskaniwa kama picha tupu, nyingine zimeinama, mwandiko wa hakimu umefifia, namba ya ukurasa imekatwa na ukingo wa mashine, kompyuta haioni neno hata moja la kutafuta. Picha 600 za namna hiyo zinachosha kuliko kitabu kilichojalidiwa, ambacho angalau unaweza kukunja kona ya ukurasa na kuurudia. Mahakama inayodai nyaraka za kielektroniki bila kudai zisomeke na kutafutika imehamisha tu mzigo wa rafu kwenda kwenye macho ya majaji.

Kuna jambo jingine ambalo kaunta ya masijala ilikuwa nalo na mfumo hauna: mtu. Karani mzoefu alipokea hati zako, akafunua kurasa mbele yako, akasema hapa hujasaini, hapa tarehe haipo. Ulisaini palepale ukaondoka na muhuri wa siku hiyo. Mtandaoni unatuma Alhamisi, siku ya mwisho, na Jumatatu unapata ujumbe kwamba hati imekataliwa kwa kasoro ambayo kalamu ingeimaliza kwa nusu dakika. Kasoro ni ileile, lakini sasa uko nje ya muda. Kanuni za rufaa za shirikisho za Marekani zina kinga nzuri hapa: karani haruhusiwi kukataa kupokea hati kwa sababu tu umbo lake halikidhi kanuni. Anaipokea, kasoro inarekebishwa baadaye. Sioni sababu ya mahakama yoyote inayohamia mtandaoni kuiacha kinga hiyo.

Sasa niingie kwenye fundo lenyewe. Katika safari ya hati mtandaoni kuna nyakati kadhaa zinazoweza kuitwa "kufika": umebonyeza kutuma, mfumo umetoa namba ya malipo, ada imelipwa, msajili amekubali. Kati ya ya kwanza na ya mwisho zinaweza kupita siku. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu kuwasilisha nyaraka kielektroniki zinaitazama siku hati ilipotumwa, kabla ya saa 6 usiku. Hata hivyo majaji wametofautiana: wengine wameshika siku ya kutuma, wengine wamesema bila ada kulipwa hakuna kilichowasilishwa. Hoja ya ada ina uzito. Bila hiyo, mtu angeweza kurusha hati, akakaa nayo bila kulipa, akijishikia nafasi ambayo mwenzake ameilipia. Lakini muda wa kusubiri namba ya malipo uko mikononi mwa mfumo, na siwezi kukubali mrufani aadhibiwe kwa saa ambazo yeye hakuzitumia.

Sheria imewahi kulijibu swali hili kabla ya mtandao. Mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba notisi ya rufaa ya mfungwa asiye na wakili inahesabiwa imewasilishwa pale anapoikabidhi kwa maofisa wa gereza ili itumwe mahakamani. Baada ya hapo hana uwezo juu yake. Kipimo hicho kinafaa kabisa mtandaoni: hati ihesabiwe siku ilipotoka mikononi mwa mrufani, na ada ipewe siku chache za kulipwa tangu mfumo utoe namba.

Wanaoshikilia ukali wa muda wana hoja wanayoisimamia kwa dhati. Aliyeshinda kesi naye ana haki ya kujua imekwisha. Tena ukali huo hauna huruma hata kwa kosa la mahakama yenyewe. Katika Bowles dhidi ya Russell, mwaka 2007, jaji alimpa mrufani siku 17 za kuwasilisha notisi wakati kanuni iliruhusu 14. Mrufani aliwasilisha ndani ya muda aliopewa na jaji, lakini nje ya zile 14. Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura tano kwa nne, kwamba rufaa imechelewa. Kama kauli ya jaji haikumwokoa, picha ya skrini inayoonyesha mfumo umekwama itamwokoa nani? Ulinzi huo lazima uwe kwenye kanuni, uandikwe mapema, usiachiwe huruma ya siku hiyo.

Saa yenyewe ya mwisho ina mabishano yake. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ya Marekani, yenye makao Philadelphia, ilirudisha mwisho wa siku kutoka saa 6 usiku hadi saa 11 jioni kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Mawakili wengi walipinga. Naelewa pande zote mbili. Jioni karani yupo wa kupokea simu mfumo ukigoma, na upande wa pili haupokei hoja za kurasa 50 usiku wa manane. Lakini wakili wa ofisi ndogo anayelea watoto huandika vizuri wakishalala. Mimi ningetenganisha: hoja za maandishi zifungwe jioni, ila hati ambayo kuchelewa kwake kunaua rufaa ipewe siku nzima.

Wasio na wakili ndio wanaonisumbua zaidi. Kanuni za shirikisho za Marekani zinalazimisha mawakili kutumia mfumo, huku asiye na wakili akihitaji ruhusa ya mahakama au kanuni yake ya ndani. Hilo linamlinda asiye na kompyuta, lakini aliyenyimwa ruhusa siku yake inaisha kaunta inapofungwa, wakati mwenye wakili, pale ambapo mfumo unapokea hadi saa 6 usiku, ana saa kadhaa zaidi. Kaunta kwa hiyo ibaki, na siyo kwa ajili yake peke yake: Januari 2021, baada ya udukuzi uliopitia programu za kompyuta za kampuni ya SolarWinds, mahakama hizohizo za Marekani ziliamua nyaraka nyeti zaidi ziletwe kwa karatasi au kwenye kifaa salama cha kuhifadhi data.

Linabaki tatizo gumu la nani athibitishe hitilafu. Intaneti ya wakili ikikatika nyumbani kwake, hilo siwezi kuitwika mahakama. Seva ya mahakama ikilala, mrufani hana namna ya kuthibitisha; kumbukumbu za seva ziko kwa mahakama. Basi mahakama izitangaze yenyewe: mfumo ulizimika saa ngapi, ukarudi saa ngapi, na kila muda ulioishia ndani ya saa hizo usogezwe hadi siku inayofuata ya kazi, bila mtu kuandika hati ya kiapo wala kulipia maombi.